Herufi Ngeni Zatafuta Mnakili

Albert Eschenmoser hakuwa na haja ya kumthibitishia mtu chochote. Mwaka 1972 yeye na kundi lake la Zurich, wakishirikiana na Robert Woodward wa Chuo Kikuu cha Harvard, walikamilisha kuunda vitamini B12 maabara, kazi iliyomeza zaidi ya miaka kumi na nguvu za watafiti wapatao mia moja. Baada ya hapo angeweza kustarehe. Badala yake, katika miaka ya 1980 akashikwa na swali ambalo hata mtoto angeliuliza: kwa nini uhai umejengwa juu ya ribosi?

Ribosi ni sukari yenye kaboni tano. Ndiyo iliyo katika uti wa mgongo wa RNA, na DNA hutumia sukari hiyo hiyo ikiwa imepunguziwa oksijeni moja. Juu ya uti huo hupachikwa besi, zile herufi nne ambazo kila mwanafunzi wa biolojia huzikariri: A, T, G na C, ila katika RNA nafasi ya T hushikwa na U. Sukari ziko nyingi. Je, ribosi ilishinda kwa ubora wake, au iliwahi tu kufika?

Eschenmoser hakutaka kujibu kwa nadharia. Aliamua kuunda asidi nukleiki ambazo maumbile hayakuziunda, moja baada ya nyingine, kisha azipime. Baadhi zilishikana kwa nguvu kuliko RNA yenyewe, jambo lililoonyesha kwamba ribosi haikuchaguliwa kwa nguvu ya kushikana peke yake. Mwaka 2000 kundi lake likatangaza TNA, iliyojengwa kwa threosi, sukari ya kaboni nne tu. Uti mfupi namna hiyo ungetarajiwa kushindwa kulingana na wenzake. Haukushindwa: nyuzi za TNA zilishikana zenyewe kwa zenyewe, zikashikana na DNA, zikashikana na RNA.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Mwaka 1991 Peter Nielsen na wenzake wa Copenhagen walitoa PNA, ambayo haina sukari wala fosfati. Uti wake unakaribiana zaidi na wa protini. Mjini Leuven, Ubelgiji, Piet Herdewijn wa Taasisi ya Rega aliunda HNA, yenye pete ya viungo sita. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, Takeshi Imanishi huko Osaka na Jesper Wengel huko Denmark, kila mmoja kivyake, waliifunga ribosi kwa kidaraja ili isijikunje ovyo, ikazaliwa LNA. Ukoo huu wote ulikuja kupewa jina moja: XNA.

Zote ziliweza kubeba ujumbe, kwa kuwa herufi zilikuwa zile zile na kilichobadilika ni uti tu. Shida ilikuwa kwingine. Katika mashine ya kemia uzi huungwa herufi moja moja, na kila hatua ina hasara yake, hivyo kadiri uzi unavyorefuka ndivyo mavuno yanavyopungua. Na hata ukikamilika, unabaki ulivyo. Haunakiliki, hauzai, haubadiliki kizazi kwa kizazi. Urithi unataka nakala, na katika maumbile nakala hutengenezwa na kimeng'enya. Wakemia walikuwa na herufi mpya tele, lakini hawakuwa na mnakili wa kuziandika.

Mnakili wa DNA alifahamika tangu mwaka 1956, pale Arthur Kornberg, akiwa St. Louis nchini Marekani, alipompata ndani ya bakteria wa E. coli. Kimeng'enya hicho kiliitwa polimerasi, na miaka mitatu baadaye Kornberg alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1985 Thomas Steitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitumia eksirei kuchora umbo la kipande chake. Waliona kitu kilichofanana na mkono wa kulia uliokunjwa nusu, na majina ya sehemu zake yamebaki hivyo vitabuni hadi leo: kiganja, vidole na gumba. Kiganjani ndipo herufi inapoungwa. Vidole huipokea herufi inayoingia. Gumba hushikilia uzi pacha unaotoka ukiwa umekwisha kuandikwa.

Mkono huo ni mchaguzi kweli kweli. Ndani ya seli, malighafi za RNA huzidi zile za DNA kwa mbali, na tofauti kati ya sukari zao ni oksijeni moja tu. Polimerasi ya DNA huzitambua kwa kizuizi: asidi amino moja yenye umbo kubwa imekaa mahali ambapo oksijeni ya ziada ingepita, na herufi yenye oksijeni hiyo hugonga hapo na kurudi. Polimerasi nyingi zina pia sehemu ya kusahihisha, ambayo hukata herufi iliyokosewa kabla ya kuendelea. Ukizipa herufi za HNA au TNA, huunga chache kisha husimama.

Wapo wanakili wasio makini hivyo. Virusi vya Ukimwi vina polimerasi yao, isiyo na sehemu ya kusahihisha, na dawa zimejengwa juu ya udhaifu huo. Tenofoviri, ambayo mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki huimeza kila siku katika kidonge kimoja pamoja na lamivudini na dolutegraviri, ni herufi bandia: virusi huipachika, kisha hukosa mahali pa kuunga inayofuata. Ilitokana na ushirikiano wa Antonín Holý wa Prague na Erik De Clercq wa Taasisi ya Rega, ile ile ya Herdewijn. Ila dawa inataka mnakili asimame. XNA ilikuwa inamtaka aendelee, herufi baada ya herufi, bila kukosea.

Njia mojawapo ilikuwa kuisoma ramani ya ule mkono na kubuni marekebisho. Mwaka 1995 Rui Sousa na mwenzake, huko San Antonio, Texas, waliifanyia hivyo polimerasi ya RNA ya kirusi kiitwacho T7. Walibadilisha asidi amino moja, ya 639, na kimeng'enya kikalegeza masharti yake kuhusu sukari. Lakini bahati ya namna hiyo haiji kila siku. Protini yenye asidi amino mia saba na zaidi ina mabadiliko yanayowezekana mengi kuliko ambayo maabara zote duniani zingeweza kuyajaribu moja moja.

Njia ya pili ilikuwa kuyaachia mageuko yafanye kazi. Kwamba mageuko yanaweza kwenda ndani ya mrija wa maabara lilikuwa limeonyeshwa mwaka 1967 na Sol Spiegelman wa Chuo Kikuu cha Illinois. Alichukua RNA ya kirusi cha Qβ, akaiweka pamoja na kimeng'enya kinachoinakili, kisha akachota kidogo na kuhamishia mrija mpya, mara 74, huku akifupisha muda wa kunakili. RNA zilizowahi kumaliza ndizo zilizosonga mbele. Mwishoni molekuli ilikuwa imetupa asilimia 83 ya urefu wake wa awali na kubakiza kile tu kilichohitajika ili inakiliwe upesi.

Kwa vimeng'enya, aliyefungua njia ni Frances Arnold wa Caltech, California. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walionyesha jinsi walivyobadilisha kwa nasibu jeni ya subtilisini, kimeng'enya kinachokata protini, wakachagua kilichofanya kazi vizuri zaidi ndani ya kiyeyushi kikali, wakakibadilisha tena na kukichuja tena. Toleo la mwisho lilikuwa na nguvu mara 256 kuliko la asili ndani ya kiyeyushi hicho. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Arnold sehemu yake ya Nobel mwaka 2018.

Polimerasi zilikuwa na kikwazo chao. Arnold aliweza kuvipima vimeng'enya vyake kundi moja moja la bakteria kwenye sahani. Atakayetaka kuchuja polimerasi kwa mamilioni hana muda huo. Inabidi kila kimeng'enya kilipwe chenyewe kwa kazi yake, bila mtu kukisimamia. Ndani ya mrija mmoja hilo haliwezekani, maana polimerasi hodari haijui jeni yake ni ipi. Itanakili zote zilizo mbele yake, zikiwemo za polimerasi goigoi, na mzembe atafaidi jasho la mwenzake.

Jibu lilitoka Cambridge, Uingereza, katika Maabara ya Biolojia ya Molekuli ya Baraza la Utafiti wa Tiba. Mwaka 1998 Dan Tawfik na Andrew Griffiths walichapisha wazo ambalo vifaa vyake havikuzidi maji, mafuta na kemikali ya jamii ya sabuni. Ukivikoroga pamoja kwa kasi, maji hujigawa kuwa matone madogo mno yaliyozingirwa na mafuta, mabilioni yake katika ujazo usiotosha kijiko cha chai. Kila tone ni chumba kilichofungwa. Jeni iliyomo na kimeng'enya ilichokizaa haviwezi kuachana.

Philipp Holliger, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara hiyo hiyo, aliona kwamba kwa polimerasi wazo hili lilikuwa na ladha ya pekee, kwa sababu kazi ya polimerasi ni kunakili jeni. Kwa nini isiachwe inakili ya kwake?

Yeye, Farid Ghadessy na Jennifer Ong walianza na Taq, polimerasi ya bakteria anayeishi kwenye chemchemi za maji moto. Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimpata bakteria huyo katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, wakamtangaza mwaka 1969, na kimeng'enya chake kilikuja kuwa roho ya PCR, njia ya kuzidisha DNA iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Taq haiharibiki maji yanapokaribia kuchemka, na sifa hiyo ndiyo iliyohitajika Cambridge.

Jaribio lenyewe, lililochapishwa mwaka 2001, lilikwenda hivi. Jeni ya Taq ilibadilishwa kwa nasibu na kuingizwa katika bakteria wa E. coli, kila mmoja akibeba toleo lake na kulitengeneza kwa wingi. Bakteria hao, pamoja na herufi za DNA na vianzio vinavyoonyesha mahali pa kuanzia kunakili, walikorogwa ndani ya mafuta hadi kila mmoja akabaki peke yake katika tone lake. Kisha joto likapandishwa. Bakteria akapasuka, Taq ikatoka ikiwa salama, na jeni pekee iliyokuwa karibu nayo ikawa ile iliyoizaa. Kimeng'enya hodari kilijinakili mara nyingi. Kilicholegea kilijinakili mara chache, na kilichokufa hakikuacha kitu. Mafuta yalipoondolewa, wingi wa kila jeni ndio uliokuwa alama yake ya mtihani, na zilizojaa zaidi zikaingizwa katika raundi iliyofuata.

Baada ya raundi chache lilipatikana toleo la Taq lililovumilia joto mara 11 kuliko la asili. Jaribio jingine lilitumia heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo huvuruga PCR ikiwemo kwenye sampuli ya damu; hapo likatokea toleo lililostahimili zaidi ya mara 130. Miaka sita baadaye kundi hilo lilichanganya jeni za Taq na za ndugu zake wawili, likapata polimerasi zenye uwezo mkubwa zaidi wa kusoma DNA kuukuu, iliyoharibika, ya dubu wa mapangoni waliokwisha kutoweka.

XNA ilikuwa mtihani mwingine kabisa. Kujinakili kunataka kimeng'enya kiandike jeni nzima, zaidi ya herufi elfu mbili, tangu raundi ya kwanza. Polimerasi inayoanza kujifunza HNA huandika herufi tano au sita tu kabla ya kuchoka, na kwa kipimo hicho zote zingefeli. Vitor Pinheiro, Holliger na wenzao wakabuni mtihani mwepesi. Ndani ya tone waliweka kianzio kifupi chenye alama ya biotini, kilichoshika kwa ulegevu kwenye plasmidi, ile duara ya DNA inayobeba jeni ya polimerasi. Kimeng'enya kikiongeza herufi chache za HNA, kianzio hushika barabara, kisipoongeza, huchomoka. Baadaye shanga za sumaku zinazonata biotini huopoa plasmidi zenye alama hiyo, na nyinginezo humwagwa.

Safari hii hawakutumia Taq. Walichukua polimerasi ya Thermococcus gorgonarius, kijidudu cha maji ya moto ya baharini kilichopatikana New Zealand, nao wakaipunguzia ukali kwanza: walizima sehemu yake ya kusahihisha, wakaongeza badiliko ambalo wataalamu wa kampuni ya New England Biolabs walikuwa wamegundua kwamba huipa polimerasi ya aina hii uwezo wa kukubali herufi ngeni. Kisha wakaiachia kwenye matone.

Kilichoibuka kiliitwa Pol6G12, kimeng'enya kinachoandika HNA. Kilikuwa na mabadiliko 14, na karibu yote yalikuwa gumbani. Hapo palikuwa na fundisho. Kwa miaka mingi macho yalikuwa kiganjani, kwenye kile kizuizi cha mlangoni, na kumbe mlango ukishafunguliwa bado kuna mkaguzi wa pili mbele. Uzi pacha wenye HNA una umbo tofauti kidogo na wa DNA, na gumba hulihisi umbo hilo na kusimamisha kazi. Christopher Cozens, wa kundi hilo hilo, alilionyesha hilo kwa RNA mwaka 2012. Badiliko moja la kufungua kizuizi, nafasi ya 409, na jingine gumbani, nafasi ya 664, yalitosha kuifanya polimerasi ya DNA yenye asidi amino 773 iandike RNA ya herufi 1,700. Zilibadilika asidi amino mbili tu kwa kusudi hilo, na mnakili akahama kutoka lugha moja ya uhai kwenda nyingine.

Kuandika ni nusu ya urithi. Ilihitajika pia polimerasi ya kusoma XNA na kurudisha ujumbe wake katika DNA, nayo ikapatikana katika ukoo ule ule. Aprili 2012 matokeo yalitoka katika jarida la Science, yakiwa na majina ya Herdewijn, Wengel na John Chaput wa Arizona miongoni mwa waandishi. XNA sita ziliweza kupokea ujumbe kutoka DNA na kuurudisha: HNA, CeNA, LNA, ANA, FANA na TNA. Makosa yalikuwepo, na LNA ilikosea zaidi kuliko HNA, lakini ujumbe ulisomeka.

Kisha wakafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa HNA. Walitengeneza kundi kubwa la nyuzi zake zenye mpangilio wa nasibu, wakachuja zile zilizokamata shabaha, wakazirudisha katika DNA, wakazizidisha na kuziandika tena kwa HNA. Baada ya mizunguko minane walikuwa na nyuzi zilizojikunja zenyewe na kushika kwa nguvu lisozimu, protini ya yai la kuku, na nyingine zilizoshika kipande cha RNA ya virusi vya Ukimwi kiitwacho TAR. Molekuli isiyo DNA wala RNA ilikuwa imepitia uteuzi wa Darwin. Mwaka huo huo Chaput alitangaza kazi kama hiyo kwa TNA, iliyoshika thrombini ya binadamu.

Faida yake haikuwa ya kinadharia tu. RNA ikiingizwa mwilini hukatwakatwa na vimeng'enya vya damu kwa muda mfupi, ndiyo maana pegaptanibu, dawa ya macho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ilibidi ijengwe kwa RNA iliyobadilishwa kikemia. XNA nyingi hazitambuliwi na vimeng'enya hivyo vya kukata, hivyo hudumu. Mwaka 2015 Alex Taylor na Holliger walionyesha kwamba XNA zaweza hata kufanya kazi ya vimeng'enya, kwa kukata RNA na kuunganisha vipande. Mwaka 2022 kundi la Taylor lilitangaza nyuzi za FANA zinazokata RNA ya kirusi cha Korona mahali maalumu.

Ufundi wa kuchuja nao ulienea. Mjini Austin, Texas, Jared Ellefson na Andrew Ellington walichukua polimerasi ya kijidudu kilichopatikana katika kisiwa cha Kodakara, Japani, na mwaka 2016 wakaigeuza iweze kusoma RNA huku ikibakiza sehemu yake ya kusahihisha, sifa ambayo visoma-RNA vya asili havina. Chaput, akiwa amehamia Irvine, California, aliacha kukoroga. Maabara yake ilianza kutengeneza matone ya ukubwa mmoja katika vijifereji vyembamba, na tone ambalo kimeng'enya chake kimefanya kazi huwaka rangi na kuchaguliwa na mashine. Mwaka 2019 kundi la Holliger likatangaza polimerasi inayoandika uzi ambao uti wake hauna chaji ya umeme, sifa iliyodhaniwa kwamba asidi nukleiki haiwezi kuishi bila kuwa nayo.

Hofu nayo ilizuka mapema: itakuwaje viumbe wa XNA wakitoroka? Kwa sasa jibu liko kwenye malighafi. Herufi za HNA au TNA hazipo mtoni, udongoni wala mwilini mwa kiumbe chochote, na maabara zinazozitumia hulazimika kuzitengeneza kwa hatua nyingi za kemia. Polimerasi zinazoziandika bado ni protini, na jeni zake zimeandikwa kwa DNA. Katika kazi ya 2012, kila mzunguko wa uteuzi wa HNA ulipitia DNA kabla ya kurudi, kwa kuwa vimeng'enya vilikuwa dhaifu katika kunakili XNA moja kwa moja kutoka XNA. Ni udhaifu huo ambao wachujaji wa matone, Ulaya na Marekani, wangali wanaushughulikia.